Hakimu na Mwenye Barafu

Gundi niliyoipika mimi enzi za kiwanda cha uchapaji ilikuwa gundi kweli, si haya maji ya chupa mnayouziwa siku hizi. Msimamizi wetu alikalia kiti kilichodondokewa na tone moja tu, na alipostaafu ilibidi astaafu na kiti chake. Kwenye picha ya kumuaga yumo, anacheka, kiti kimening'inia nyuma kama mkia.

Mjukuu wangu wa kike alipoisikia hadithi hiyo mara ya kwanza alikuwa hana meno ya mbele. Alikunja mikono, akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Uongo, Babu." Basi, imekwisha, rufaa hakuna. Tangu siku hiyo tukamwita Hakimu. Mimi nikipiga kamba zangu, bibi yake anamgeukia: "Eti Hakimu, kweli?" Naye anatoa hukumu. Sikuwahi kushinda kesi. Hata siku niliyosema nje mvua inanyesha, na ilikuwa inanyesha, alitoka kwanza akakinga kiganja.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote, na kuihukumu vikali kuliko zote, ni ile ya kwamba kiwanda kilikuwa changu. Nilikuwa mwenye mali, nawaambia, natembea na funguo za milango yote, mpaka zikanitoboa mfuko wa suruali. Nikaona suruali ni bora kuliko kiwanda. Nikampa msimamizi funguo, nikaomba kazi ya gundi.

"Uongo, Babu," anasema, huku anacheka mpaka anashika mbavu. "Hebu rudia pale pa mfuko."

Baba yake, mwanangu wa pekee, na mama yake, tuliwazika yeye akiwa bado anatambaa. Akabaki na sisi wawili. Bibi yake naye alikuwa wa kiwandani, chumba kilekile cha kujalidi: yeye alishona kurasa kwa sindano, mimi nikazivika jalada. Hata tulipostaafu watu waliendelea kutuletea vitabu vilivyochakaa, misahafu ya dini zote na vitabu vya shule, tukavitengeneza barazani. Hakimu alikulia kwenye harufu ya gundi. Na anayeishi na harufu hiyo haisikii tena. Wanaoisikia ni wengine.

Alipofika mwaka wa mwisho wa shule, wafadhili fulani wakatangaza kwamba watamsomesha sheria mwanafunzi mmoja kutoka shule yao, mmoja tu, mpaka amalize. Shindano lenyewe lilikuwa la kuchambua riwaya ya Kimarekani, ya zamani, inayosifiwa kila mahali, inayohusu mali na tamaa ya mali. Kwanza kuhojiwa chumbani, kisha watakaopita wasimame ukumbini mbele ya watu. Kwa pensheni yetu, chuo cha sheria tungekiona kwenye picha ya kalenda. Hakimu alilijua hilo bila kuambiwa. Kuanzia siku ile alikula huku anasoma.

Tatizo kitabu kilikuwa kimoja. Washindani wanne, kitabu kimoja, na chenyewe kimepoteza jalada, hata jina lake halionekani. Mwalimu alitaka wapokezane, lakini wa nne angekipata wenzake wameshasahau walichosoma. Hakimu akakileta nyumbani, akakiweka mbele yetu kama mgonjwa.

"Babu, kigawe."

"Kitabu cha shule?"

"Kigawe, tukimaliza mtakishona. Mwalimu amekubali."

Watu hudhani kitabu kinene ni kitu kimoja. Ni mafungu madogo ya karatasi zilizokunjwa, yameshonwa mgongoni moja baada ya jingine. Ukijua uzi wa kukata, kinaachia chenyewe, wala neno moja haliumii. Bibi yake akavaa miwani, akapitisha wembe mgongoni taratibu, na Mmarekani akafunguka. Tukamfunga mafungu makubwa manne. Kila mshindani akaondoka na lake, na Jumamosi wakawa wanakutana barazani kwetu kubadilishana.

Mimi nilishakisoma chote kwa mtindo wangu. Kusoma nilijifunza kiwandani, kwenye karatasi zinazotoka mashineni bila mpangilio, kwa hiyo mpaka leo naanzia popote. Basi nikakipanga kichwani. Fungu la kwanza kuna kijana mbeba barafu. Anapandisha mabonge ya barafu mgongoni, ngazi kwa ngazi, kwenye majumba ya watu, mama yake anafua nguo za wenyewe chini kabisa, chumba kisicho na dirisha. Fungu la pili kijana anapata gari, anapata maghala, anaitwa Mwenye Barafu, anabadili jina la ukoo, anaanza karamu. Fungu la tatu tutaliona. Fungu la nne zinaingia mashine za umeme za kugandisha, barafu yake haina mnunuzi. Anarudi mtaani kwao kutafuta chumba cha mama, na anakuta jengo limebomolewa kwa saini yake mwenyewe, enzi alipokuwa anasaini bila kusoma.

Sasa dawa ya kugawa kitabu ina madhara yake, na haya sikuyajua kiwandani maana kule hatukuwapa watu vitabu nusu. Kila mtoto alianza kufanana na fungu alilokaa nalo. Mwenye la kwanza akawa mnyonge, anakohoa kohoa. Kijana mrefu mwenye la pili akaanza kutembea na mkono mfukoni, akamwita bibi yake Hakimu "madamu", na bibi akamwambia akirudia tena atamshona mdomo kwa uzi wa nta. Hayo si chumvi. Tulicheka. Lakini Jumamosi ya kwanza ilipofika wote wakabadilishana, isipokuwa Hakimu.

"Hilo la tatu nimebakiza kidogo," alisema.

Jumamosi ya pili akasema vilevile. Wenzake wakalisoma wameinama juu yake hapohapo barazani, akalichukua, akalirudisha chini ya mto wake. Mengine aliyasoma, lakini hilo ndilo alilolala nalo.

Fungu la tatu ni la mlangoni. Mwenye Barafu ana karamu, nyumba imejaa wakubwa, na mama yake, ambaye hajamwona miaka mingi, anatokea mlango wa mbele na furushi la mashati aliyomfulia kwa mapenzi tu. Mgeni mmoja anauliza, huyu ni nani? Ukurasa mzima Mwenye Barafu anafikiri. Halafu anajibu.

Mwalimu aliwaambia wakiigize ili wakielewe. Tukakiigiza sisi, jikoni, alasiri moja, kwa lugha yetu ya jikoni. Mimi mama mfuaji, kilemba cha taulo kichwani na furushi la vitambaa vya kujalidia. Bibi yake akawa wageni wote wa karamu, kikombe mkononi, kidole cha mwisho amekinyoosha.

"He!" akasema bibi. "Tajiri, huyu kikongwe ni nani?"

Hakimu akageuka. Akanitazama kama mtu anayetazama saa ya ukutani.

"Huyu? Mama anayetufulia. Amekosea mlango."

Mimi nikajipiga kifua, nikaanguka kwenye gunia la mkaa nikilia kwa sauti tatu.

"Babu! Unaharibu. Mama halii."

"Mama gani asilie?"

"Kitabu kinasema halii. Anasema, 'Samahani, nimekosea mlango. Wa nyuma uko wapi?' Basi."

"Mke mwenzangu," bibi akamwambia, maana ndivyo walivyoitana, "mpige teke, atakumbuka."

Tukarudia. Nikaanguka tena. Tukarudia mpaka nikayasema yale maneno vizuri, nimesimama, macho makavu. Hakimu akapiga makofi. Mimi nikamwuliza kitu kimoja.

"Lakini wewe mbona humfokei? Tajiri si angefoka? Aibu imemshika."

"Akifoka watajua ni mama yake," alijibu. "Mtu hamfokei mfuaji, Babu. Anamwelekeza tu."

Bibi yake akasema mtoto huyu ana akili za kutisha. Nikakubali, nikavimba kichwa.

Akaenda kuhojiwa. Aliporudi alikuwa amepita, yeye na yule mrefu wa mkono mfukoni. Alitukumbatia wote wawili kwa mpigo mmoja.

"Waliniuliza nimetoka ukoo gani, nimelelewaje," alisema. "Nikawaambia habari zako, Babu."

"Habari zipi?"

"Nzuri," akasema, akaingia chumbani kuvua sare.

Sikumwuliza zaidi. Nilikaa barazani jioni nzima najiona mimi ndiye niliyepita. Bibi yake alipita na ndoo, akasema, "Ukivimba zaidi ya hapo mlango hautakutosha."

Siku ya ukumbi, kila mshindani alitakiwa afike na mzazi au mlezi. Miguu ya bibi yake ilikuwa imevimba, hangeweza kutembea hadi kule, nikaenda mimi. Nilivaa koti la kustaafia. Viatu vya Hakimu, vyeusi, vya kisigino, vya kuazima, nilivibeba mimi kwenye mfuko, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha na njia yetu ni tope tupu. Yeye alivaa kandambili. Njiani midomo yake ilikuwa inacheza, anakariri. Nikamwambia hadithi ya ng'ombe aliyekunywa gundi akatoa maziwa ya kukata kwa kisu. Hakuhukumu. Hakuisikia hata.

Tulipofika kwenye sebule ya ukumbi ule, sakafu inang'aa mpaka unaona soli zako, akasimama pembeni, akashika ukuta. Sketi ilikuwa ya kubana, kuinama hawezi. Nikapiga magoti. Nikamfuta tope miguuni kwa leso yangu, nikamvisha kiatu cha kulia, nikafunga kamba. Nilikuwa naanza cha kushoto niliposikia viatu vya mtu anayejua anakokwenda.

"Ndiye huyu binti yetu!" Alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, miwani ya mnyororo shingoni. Baadaye nilijua ndiye mwenyekiti wa wafadhili. Aliniona nilipo chini, na wala hakunidharau. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," nikasema toka sakafuni.

"Karibu sana, binti," akaendelea. "Jopo zima limekuwa likikuzungumzia wewe. Na babu yako yuko wapi? Mwenye kiwanda cha uchapaji! Nimewaambia wenzangu lazima nimpe mkono leo. Aliyejenga kiwanda kwa mikono yake, halafu akakiacha kwa hiari! Watu wa namna hiyo wamekwisha."

Nilikuwa nimeshika kamba za kiatu cha kushoto. Nikainua uso. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, nawaambieni ukweli, maana nilidhani hapo ndipo atakapocheka na kusema "Uongo wa babu huo", na mimi nitasimama nijipangusie magoti, nieleze habari ya mfuko wa suruali, na yule mama atacheka mpaka miwani imdondoke. Nilishaipanga hata sauti.

Hakimu alinitazama. Niliijua ile namna ya kutazama. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi jikoni.

"Babu hakuweza kuja," akasema, kwa upole kabisa. "Amepata safari. Huyu ni mzee anayetusaidia kazi nyumbani. Amenisindikiza tu."

Hakunifokea. Mtu hamfokei mtumishi.

Ukurasa mzima ulipita, kama kitabuni. Nilisikia harufu ya gundi kwenye koti langu. Miaka yote sijawahi kuisikia, siku ile niliisikia. Mama mwenyekiti alisubiri kwa adabu, tabasamu lake lingali mahali pake. Na kidole gumba cha Hakimu, ndani ya kiatu nilichokwisha kufunga, kilikuwa kinatetemeka. Nilikiona kupitia ngozi.

Nikafunga cha kushoto. Nikakaza fundo, asije akajikwaa jukwaani. Nikasimama, nikainamisha kichwa.

"Samahani, mama," nikasema. "Nimekosea mlango. Wa nyuma uko wapi?"

Niliyasema vizuri. Sikuanguka, sikulia. Bibi yake angekuwepo angepiga makofi.

Mlango wa nyuma ulikuwa unaingilia jikoni, na jikoni kulikuwa na benchi la madereva. Wakasogea nikae, mpishi akanimiminia chai. Juu ya kabati palikuwa na kipaza sauti, ili wapishi wajue lini hotuba zinakwisha wapakue. Kwa hiyo nilimsikia. Yule mrefu alitangulia, akasifu maghala na karamu kama dalali anayenadi nyumba. Kisha akaitwa mjukuu wangu, na mtu wa jopo akamwuliza: ukiwa wewe ndiye hakimu, Mwenye Barafu ungemhukumuje?

Naye akajibu.

Alisema kosa la Mwenye Barafu si kupenda mali, maana aliyebeba barafu mgongoni ana haki ya kutamani koti kavu. Kosa lake ni pale mlangoni. Alisema watu wanadhani alimkana mama, kumbe alimpa mama kazi ya kumkana yeye, akamwacha mama amalizie. Alisema, "Mama yake angeweza kusema neno moja tu. Hakulisema. Alimlipia mwanawe karamu ile kwa kunyamaza, na mwanawe akanywa na kula akijua nani amelipa." Hapo aliomba radhi, akaomba maji. Hata jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria. Alipomaliza, makofi yaliingia kwa kipaza sauti na kwa mlango pamoja.

Dereva wa karibu yangu, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa anafuta macho kwa kofia.

"Huyu binti!" akasema. "Huyu kalelewa. Ni wa nani, mzee?"

"Wa tajiri wangu," nikajibu.

"Tajiri wako ana bahati."

"Sana."

Wakamtangaza yeye. Sikungoja. Nikazichukua kandambili zake kwenye mfuko, nikarudi kwa njia ileile ya tope.

Bibi yake alikuwa barazani, miguu juu ya kigoda, wenzake Hakimu wamesharudisha mafungu yao, ameyapanga mapajani tayari kwa kushona: la kwanza, la pili, la nne. Aliponiona sura tu akaacha sindano.

"Amekosa."

"Amepata."

Alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Kisha akataka aambiwe yote, toka mwanzo, wala nisiruke. Nikakaa chini, nikamwambia. Nikasema mwenyekiti alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kunipa mkono. Nikasema Hakimu alinishika bega mbele ya wakubwa wote, akasema, huyu ndiye babu yangu, fundi wa gundi, ndiye aliyenilea. Nikasema nilikalishwa mstari wa mbele, na nikaletewa chai.

Nilipomaliza, bibi alikuwa ananitazama kwa mashaka.

"Mbona leo hujatia chumvi? Hakuna aliyenata kwenye kiti?"

"Hakuna."

"Hm," akasema.

Hapo ndipo Hakimu alipoingia uani. Mwenyekiti alikuwa amemleta kwa gari, naye akaomba ashushwe barabara kuu, ng'ambo, kwenye mageti ya majumba ya matajiri, kama kwamba ndiko kwao. Viatu vya kuazima vilikuwa tope mpaka kwenye kamba. Bibi yake akamvuta, akambusu, akamkalisha kwenye mkeka, akamshika kidevu.

"Mke mwenzangu, njoo utuhukumie. Babu yako anasema mwenyekiti kampa mkono, na wewe umemtaja mbele ya watu, umemshika bega, kakaa mstari wa mbele. Eti Hakimu, kweli?"

Alinigeukia. Nilimtazama. Nilitaka aseme lile neno lake, nawaapia. Nilitaka alitamke kama zamani, mikono imekunjwa, uongo Babu, hata kama bibi yake angezimia hapohapo barazani. Nilikuwa tayari kushindwa kesi hiyo kuliko zote.

"Kweli, Bibi," akasema. "Kila neno."

Bibi yake alifunika mdomo kwa upande wa kanga, machozi yakamtoka. "Jamani," akaniambia, "na mimi miaka yote hii nakuita mwongo. Nisamehe, mume wangu."

"Yamepita," nikasema.

Hakimu alifungua mkoba, akatoa fungu la tatu, lililokunjamana pembe kwa kulaliwa, akampa bibi yake bila kunitazama. Bibi akalinyoosha gotini, akaliingiza mahali pake, kati ya la pili na la nne, akatunga uzi. Alikuwa anaimba. Mimi nikaenda jikoni kupika gundi.